Mwaka Niliokuwa Dada wa Mume Wangu

Riziki alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharagwe hapa Kabezi, nyumbani kwa binti yangu Neema, ninakoishi tangu miguu ianze kunigomea. Riziki ni mtoto wa wifi yangu Mariamu. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mama mudogo, Mama ameenda," akalia, nami nikamngoja amalize, kwa sababu simu si mahali pa kubembelezana. Alipopata sauti tena akaniambia mwili bado haujaoshwa, na kwamba wamama wa kanisa walifika na mabeseni yao wakazuiwa mlangoni. "Alisema ni wewe utamuosha. Batu bengine bote bakae inje." Nikamuuliza alisema lini. "Kitambo. Alirudilia mara mingi." Nikaitazama mikono yangu, ambayo siku hizi haiwezi hata kufungua mfuniko wa chupa ya mawese, nikasema nakuja Rumonge.

Kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye akili, Mariamu alikuwa wifi yangu: dada mkubwa wa mume wangu, Asukulu. Lakini kwa zaidi ya miaka hamsini hakuniita wifi hata mara moja. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada. Watoto wake waliniita mama mdogo, na mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia mauaji kwa mtumbwi mmoja hadi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, aliwaambia waliotupokea ufukweni kwamba sisi ni dada wawili, wakatupa mkeka mmoja. Sikumsahihisha. Jambo hilo lilianza mwaka Warundi walipopata uhuru, nikiwa sijafika hata umri wa kuheshimiwa sokoni, na nitalieleza jinsi lilivyokuwa, ingawa sidai kwamba nimelielewa. Watu wakizeeka hupenda kusema sasa wanaona kila kitu waziwazi. Mimi naona vibaya, kwa macho na kwa mengine yote.

Tulikuwa na vyumba viwili na baraza, nyuma ya mahali pa kukamulia mawese, kwa hiyo kila kitu chetu kilinukia mawese: shuka, Biblia, nywele za mtoto. Asukulu alisimamia mapipa ya kuchemshia chikichi. Suruali zake zilikuwa za rangi ya machungwa hadi magotini, na hakuna sabuni wala majivu yaliyoziweza. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameugua, bandama likamvimba ubavuni hadi mkanda ukakataa kufika hata tundu la mwisho. Tulimpeleka Usumbura, daktari Mbelgiji akampa vidonge vidogo vyeupe, na baada ya miezi michache bandama lilinywea, mkanda ukarudi tundu la tatu, tundu lake la ujana. Tulimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote. Nilishona gauni. Nilidhani ugonjwa ukishaondoka umeondoka, kama mgeni aliyekwisha kuagwa.

Halafu, masika yakiwa yanaelekea kwisha, nikaona ameanza kuvaa shati nje ya suruali. Yeye, mtu wa kuchomekea hata anapokwenda kuoga ziwani! Nilikuwa namtazama akila, akiinama, akimnyanyua Neema, nikijiambia labda ni mtindo mpya wa mashineni. Mwishoni nilimvuta shati tukiwa tunakula ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikakuta mkanda umeongezewa kamba. "Nimenenepa," akasema. "Bugali bwako." Tukacheka, wote wawili, kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Kesho yake aliguguna hindi la kuchoma, na gunzi alipoliweka chini lilikuwa limejaa damu ya ufizi. Nililitupa motoni kabla Mariamu hajaliona. Kwa nini nilimficha Mariamu, aliyekuwa akija kwetu kila siku na kuona kila kitu, sijui.

Tulirudi Usumbura kwa lori la Bwana Saidi, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Omani na ambaye alibeba mawese yetu sote wa Rumonge. Asukulu alilazwa katikati ya mapipa juu ya godoro. Mariamu alikuja, akiwa na masufuria. Alikuja pia Bucumi, mvuvi wa Minago, aliyekuwa rafiki wa Asukulu kupita urafiki. Wale wawili walikuwa wamechanjana wakiwa vijana, kila mmoja akalamba damu ya mwenzake mbele ya mashahidi, tendo ambalo Warundi huliita kunywana na ambalo sisi tuliotoka ng'ambo, Kongo, tulikuwa nalo pia. Waliofanya hivyo ni ndugu kuliko waliotoka tumbo moja. Hawanyimani. Hawaoleani. Na siku ya kuchanjana hutamkwa kiapo: atakayeuvunja undugu huu, damu hii imvimbishe tumbo afe. Naomba msomaji akikumbuke kiapo hicho, kwa sababu sisi hatukukisahau hata siku moja mwaka ule.

Daktari alimpapasa tumbo, akamtazama kope kwa ndani, akasema neno refu la Kifaransa. Aliyekuwa akitufasiria ni muuguzi mmoja, Gaspari, kijana mpole mwenye koti jeupe lililokuwa refu kuliko yeye. "Imerudia," akasema. "Iko ugonjwa ya damu nyeupe." Mariamu akamwambia damu ya ndugu yake ni nyekundu, ameiona kwa macho yake. Gaspari akajaribu tena: damu ya Asukulu inazaa watoto kupita kiasi, hawakomai, wanajaza nyumba mpaka wale wazima wanakosa mahali pa kukaa. Hilo nililielewa. Nilichoshindwa kuelewa ni jinsi vidonge vile vile vilivyowafukuza mwaka jana vilivyokuwa sasa haviwatishi tena. Daktari akaongeza vingine. Hatukuelezwa majina yake, na kama tungeelezwa ingetusaidia nini?

Wodi ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda pande mbili, na nyuma yake kulikuwa na banda la kupikia ambamo sisi warwaza, yaani waangalizi wa wagonjwa, tuliishi siku nzima. Mle ndani nilijua habari za nchi nzima. Walisema Wabelgiji wanaondoka, wengine wakasema hawaondoki, wanahama nyumba tu. Walisema baada ya uhuru dawa zitakuwa bure. Mama mmoja wa Gitega akasema hapana, baada ya uhuru dawa hazitakuwepo. Nilikuwa nikikoroga uji wa Asukulu huku nikisikiliza, nikiamini kila mmoja kwa zamu yake. Kisha nilikuwa naingia na beseni, namvua shati, namuosha mgongo, makwapa, miguu, nikiwa makini nisikwaruze ngozi, kwa sababu kila mkwaruzo ulibaki na alama ya zambarau. Kumuosha ilikuwa kazi yangu niliyoipenda kuliko zote. Alikuwa anafumba macho na kusema, "Mama Neema, una mikono ya kuiba," maana yake siisikii ikipita.

Wiki ya pili hakuweza kuinua kichwa. Daktari akasema anahitaji damu, leo, si kesho. Hatukuwa na wasiwasi wowote: kulikuwa na Bucumi. Alikunja mkono wa shati akaunyoosha kabla hajaulizwa. Gaspari akachukua tone la damu yake, akalichanganya na la Asukulu juu ya kigae cheupe, akakitikisa polepole huku sisi watatu tumemwinamia. Damu ikagandamana vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. "Haipatane," Gaspari akasema. Bucumi akamtazama kana kwamba ametukaniwa mama, akaapa kwa Kirundi kwa jina la aliyempa ng'ombe. "Yampaye inka! Hiyo damu iko ndani yake miaka saba! Nani amesema haipatane?" Gaspari akajaribu tena kwa kigae kingine, ikawa vile vile. Akajaribu ya Mariamu, dada wa tumbo moja. Ikagandamana pia. Mariamu alifuta kidole chake kwenye kanga, akafuta tena, akaendelea kukifuta.

Gaspari akanigeukia. "Na wewe, madamu?" Mariamu akanishika kifundo cha mkono. "Huyu hapana. Huyu ni bibi yake." Gaspari akauliza kuna tatizo gani. "Mutu akipana damu na mwenzake banakuwa ndugu," Mariamu akasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza. "Akimupa damu, hatakuwa bibi yake tena. Atakuwa dada yake. Utalala na dada yako, wewe?" Gaspari akasema hayo ni mambo ya zamani, hospitalini hakuna hayo. Bucumi hakusema kwamba ni ya zamani. Alikuwa anatazama sakafu. Nami sikufikiri kwamba Mariamu anasema upuuzi, nataka hilo lieleweke. Nilifikiri anasema kweli. Wote mle ndani tulijua ni kweli, isipokuwa Gaspari, ambaye alikuwa amesoma.

Ningependa kuandika kwamba nilipima mambo mawili, uhai wake na ndoa yangu, nikachagua. Sikupima. Nilikumbuka kwamba nimeacha sombe jikoni bila mtu wa kuiangalia, nikataka jambo hili liishe haraka ili niende. Nikakaa kwenye kigoda nikanyoosha mkono. Damu yangu na ya Asukulu zilipochanganyika kwenye kigae zilitulia, laini, zikawa kitu kimoja. Gaspari akatabasamu. Nikaona aibu, kama vile tumekutwa. Walinitoa damu ikajaa chupa ya kioo, wakaitundika juu ya kitanda chake, na mpira mwembamba ukaishusha ndani yake tone kwa tone. Mariamu akanishika bega akanipeleka jikoni. Alikuwa amepata maini mahali fulani. Akayakaanga, akaniwekea mbele, akanikalia mpaka nikamaliza. "Kula, mudogo wangu," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniliza.

Asukulu aliamka kesho yake akiwa na rangi. Aliomba samaki, mukeke wa kuchoma. Walimweleza wakati mimi nipo kisimani, na niliporudi na beseni akasema, "Tabita, asante." Sidhani kama alikuwa ameniita kwa jina langu tangu tuoane. Kwetu mume hamwiti mkewe hivyo. Kaka ndiye humwita dada yake hivyo. Nikaweka beseni chini, nikaanza kumfungua vifungo, naye akanizuia mkono. Akavuta shuka hadi kidevuni. Mariamu akasimama nyuma yangu akasema dada hamvui nguo kaka yake. Nikamwambia basi muoshe wewe. Akasema, "Na mimi si dada?" Tukabaki tumesimama, dada wawili na beseni la maji ya moto, na mgonjwa mwenye jasho la siku mbili ambaye hakuwa tena na mke. Mama wa Gitega alicheka hadi akatoka nje. Mwishowe ni Bucumi, ambaye damu yake ilikataliwa lakini aliyebaki kaka, aliyelichukua beseni. Alimuosha kila asubuhi tangu siku hiyo, kwa mikono ya mtu aliyezoea kusugua mtumbwi, nami nilisimama upande wa pili wa pazia nikisikia Asukulu akiguna.

Bwana Saidi alipokuja kutuona nilimuuliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitabu. Alifikiri huku akipapasa ndevu. "Kwetu mimi," akasema, "mtoto akinyonya ziwa la mwanamke, huyo anakuwa mama yake, na watoto wake ndugu zake, hawaoani. Hilo lipo. La damu ya sindano sijalisikia. Damu haileti undugu, Mama Neema. Maziwa ndiyo yanaleta." Nikamwambia mbona maziwa yaweze na damu isiweze. Akasema hilo ni swali zuri, akaondoka. Mchungaji wetu naye, alipoulizwa, alisema ataandika barua kwa wakubwa wake, na kama aliandika, hawakumjibu. Kila mtu alikuwa na jibu la nusu. Nilikuwa naamka nikiwa mke, na kufikia wakati wa uji nimekuwa dada, na mchana sijui mimi ni nani, nakata vitunguu.

Nilimkasirikia. Nalisema waziwazi, kwa sababu wajane huwa tunasema tu tulivyopenda. Nilifikiri amefurahia kuniacha, kwamba ugonjwa umempa njia ya kukwepa mwanamke aliyemwona akijitapikia. Mpaka asubuhi moja, nyuma ya lile pazia, nikamsikia akizungumza na Bucumi aliyekuwa akimuosha. Bucumi alimuuliza kwa nini ananiumiza, kwa nini hata jina la mtoto wangu haniiti nalo. "Unafikiri sitaki?" Asukulu akasema. "Kila siku iko hapa kwenye ulimi. Lakini wewe unajua tuliapa nini. Atakayevunja, tumbo livimbe. Yangu imevimba tayari, Bucumi. Nikimwita bibi yangu, nikimwangalia kama bibi yangu, hii damu yake itaniua. Na nikifa amenipa bure." Maji yakamwagika. "Nalinda kitu yake," akasema. Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Kwa hiyo alikuwa ananikataa ili asipoteze nilichompa. Nilijaribu kufurahi. Nilifurahi kidogo, halafu nikaona hakuna kilichobadilika: bado sikuruhusiwa kuingia na beseni.

Siku ya uhuru tulisikia ngoma tangu asubuhi. Waliokuwa na nguvu walitoka barazani, wodi ikapewa wali na nyama, na Gaspari akavaa tai ndani ya lile koti lake. Mji ukawa Bujumbura, ingawa karatasi ya Asukulu juu ya kitanda iliendelea kusema Usumbura mpaka mwisho. Asukulu alitaka kukaa, tukamwekea mito. Alisikiliza kwa muda, kisha akamuuliza Gaspari, "Na sisi batu ba ng'ambo, sasa tuko ba nani?" Gaspari akasema, "Wewe uko mugonjwa wangu, kula wali." Watu wakacheka. Mwezi ule ule daktari Mbelgiji alikwenda likizo na masanduku mengi mno kwa likizo. Kwa muda tukabaki na Gaspari, na bahasha ya vidonge ambavyo alituhesabia kwa kidole, uso wake ukiwa hauna raha.

Damu yangu ilimshikilia wiki kadhaa, halafu ikaanza kumwacha. Midomo ikawa rangi ya jivu. Gaspari akaniambia ni mapema mno kunitoa tena, lakini hakuna nyingine inayopatana. Niliogopa Asukulu atakataa. Hakukataa. "Muniulizie nini?" akasema. "Iko dada tayari." Alisema kwa mzaha, nami nilicheka, nikanyoosha mkono wa pili. Mara hii niliona kizunguzungu siku nzima, na yeye akapata nguvu ya siku chache tu. Bandama liliendelea kupanda. Tulikuwa tumeushika mwiko wote, hakuna aliyeuvunja hata kwa neno, na tumbo lilivimba tu. Wakati fulani katika siku hizo nilimwona akilitazama tumbo lake kwa makini, kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

Gaspari alituambia kwa upole kwamba nyumbani kuna hewa nzuri. Lori la Bwana Saidi likaturudisha Rumonge. Asukulu aliwekewa kitanda chumba cha mbele, ili aone mlango, na mimi na Mariamu tukalala na Neema chumba cha ndani. Bucumi alikuja kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Minago kumuosha. Mvua zilikuwa zimeanza. Asubuhi moja ilinyesha tangu alfajiri, barabara ikawa tope tupu, na Bucumi hakuonekana. Mariamu alikuwa amekwenda sokoni kabla ya mvua. Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto nikasikia, "Mama Neema."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaita tena, "Mama Neema, lete maji. Unioshe." Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba Bucumi atafika mvua ikikatika. "Simutaki Bucumi. Anasugua kama mutumbwi. Namutaka bibi yangu." Sikuuliza mara mbili. Nilileta beseni, nikamfungua vifungo, na hakunizuia. Alikuwa amekonda kila mahali isipokuwa pale ubavuni. Nilimuosha shingo, makwapa, mgongo, miguu yenye rangi ya mawese ambayo haikuwa imetoka hata baada ya miezi yote ile hospitalini. Alifumba macho. "Mikono ya kuiba," akasema. Nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka nasikia joto usoni hata leo. Nilikuwa nimerudishiwa mume wangu. Ni pale nilipokuwa nakamua kitambaa, maji yakianguka ndani ya beseni, ndipo nilipoelewa. Alikuwa amelinda ile damu kwa sababu alitaka kupona. Sasa hakuwa analinda kitu tena. Nikamtazama, naye akafumbua macho akaona kwamba nimejua, akasema tu, "Mugongo bado kidogo. Upande wa chini." Nikamuosha upande wa chini.

Nilipotoka kumwaga maji nilikuta kikapu cha viazi kwenye kizingiti, kimelowa chapachapa. Nikadhani jirani amekiacha. Mariamu alikuja baadaye sana, akasema ndiyo kwanza anafika, alijikinga mvua dukani. Asukulu alikufa siku ya tatu, mchana, Neema akiwa amelala miguuni pake. Bucumi ndiye aliyemuosha mwili, kama ilivyotakiwa, nami nikakaa na dada zake.

Baada ya matanga ndugu zake wawili walivuka kutoka ng'ambo. Walikaa barazani wakala ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakasifu mapishi, kisha mkubwa akafuta mikono akasema wamekuja kuangalia mjane na nyumba. Mdogo alikuwa tayari kunichukua, nyumba ingeuzwa, Neema angelelewa kwa bibi yake huko Fizi, ng'ambo. Alisema bila ubaya, ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Nilikuwa na sahani mikononi. Sauti ya Mariamu ikatoka jikoni kabla yake mwenyewe. "Mujane gani? Hapa hakuna mujane." Akatoka akafuta mikono kwenye kanga. Akawaeleza yote: kigae, chupa, mpira, mara mbili. Akamwita Bucumi athibitishe, na Bucumi akathibitisha. "Huyu ni dada yenu. Hata yeye Asukulu hakumugusa tena mpaka kufa, alimwogopa Mungu. Na ninyi, mutaoa dada yenu? Mutamufukuza mutoto wa baba yenu kwa nyumba ya kaka yake?" Wanaume wale wakatazamana. Mkubwa akanigeukia mimi. "Mwenyewe unasema nini?"

Mikono yangu bado ilikuwa inakumbuka. Nilikuwa na neno moja tu ambalo lingenifanya mke wake mbele ya watu wote, na neno hilo lingenitoa ndani ya nyumba na kunitenga na mtoto. Nikasema, "Niko dada yake." Waliondoka na koti la Asukulu na baiskeli yake, wakaniachia nyumba. Tangu siku ile nilimkana kila nilipoulizwa, na nimemkana kwa miaka mingi kuliko aliyoishi. Na Mariamu sikumwambia kamwe. Nilifikiri alikuwa ameniokoa kwa jambo aliloliamini kwa moyo wote, na kwamba nikimwambia la asubuhi ya mvua atajua amewaapia ndugu zake uongo bila kukusudia. Kuna siku nilimpenda kwa sababu ya neno lile la mdogo wangu, na kuna siku lilinichoma. Mara nyingi yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo nilifika Rumonge, nikawapita wamama wa kanisa walioketi na mabeseni yao wakinitazama vibaya, nikaingia chumba cha ndani. Ni kile kile tulicholala watatu na Neema; nilipohamia Kabezi nyumba nilimwachia yeye. Mariamu alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomwacha. Riziki akaniletea maji ya moto na kitambaa kipya, akasimama bila kutoka. Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kusema kwa nini mimi, na mikono yangu hii, wakati wako wenye nguvu wengi. "Alisema," Riziki akajibu. "Alisema, 'Mudogo wangu ndiye alimuosha kaka yangu siku ile ya mvua. Niliwaona kwa mulango, nikaacha viazi, nikarudi inje. Anaosha muzuri. Hana haraka.'" Akaniangalia. "Ni kweli, Mama mudogo? Si banasema ni Bucumi alikuwa anamuosha?"

Nilikaa na kile kitambaa mkononi mpaka maji yakaanza kupoa. Alijua. Alisimama kwenye mvua akijua, na akatoka jikoni siku ile akijua, akawaapia ndugu zake wa damu kwamba mimi si mke. Sasa je, alipokuwa akiniita mdogo wangu miaka yote ile, aliamini, au alikuwa ananishikia mlango? Sina wa kumuuliza. Riziki akasema maji yanapoa, alete mengine? Nikamwambia yanatosha. Nikapiga magoti kwa shida, nikamfungua Mariamu vifungo vya gauni kuanzia juu.

"Wifi," nikamwambia, "nipe mkono."